Doa la Jiwe na Dawa Yake

Katika nyumba nyingi za mwambao wa Afrika Mashariki, dawa ya kwanza ya doa ni ndimu. Sinia ya shaba iliyofifia husuguliwa kwa ndimu au ukwaju, ikarudia mng'ao wake. Nguo nyeupe iliyoingia kutu hukamuliwa ndimu, ikatiwa chumvi na kuanikwa juani. Basi si ajabu kwamba mtu aonapo doa la chai juu ya meza ya marumaru, au weusi juu ya kizingiti cha mawe cha msikiti, mkono wake huikimbilia ndimu ileile. Tofauti ni kwamba safari hii doa huweza kuondoka pamoja na jiwe lenyewe.

Jambo hili si dogo. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu mwaka 2001. Pote hapo kuta zimejengwa kwa jiwe la chokaa lililotokana na matumbawe. Zaidi ya majengo hayo ya kale, hospitali, benki, hoteli na nyumba za wananchi hutandikwa sakafu za marumaru na itale. Kila asubuhi kuna mtu aliyeinama mahali fulani akisugua jiwe. Yeye hujiona anatunza. Kumbe, kwa kutojua tabia ya jiwe, mara nyingi anapunguza. Makala haya yanaeleza doa ni kitu gani, huingiaje ndani ya jiwe, na hutolewaje bila ya jiwe kudhurika.

Jiwe hunywa

Watu wengi hulidhania jiwe kuwa ni kitu kilichofungika, kisichopitisha kitu. Ukweli ni kwamba kila jiwe lina vinyweleo, yaani vijitundu vidogo sana vinavyoungana na kufanya njia ndani yake. Mawe hutofautiana kwa wingi na ukubwa wa vinyweleo hivyo. Itale nzuri, ile inayotumika kwa meza za jikoni na ngazi, hunyonya maji chini ya nusu ya asilimia moja ya uzito wake. Marumaru iliyobanana hukaribia kiwango hicho. Jiwe la matumbawe hunyonya mara nyingi zaidi, kwa kuwa liliumbwa na viumbe wadogo wa baharini walioishi katika vyumba vyao, na vyumba hivyo vingine vimebaki wazi hata leo.

Kimiminiko kikimwagika juu ya jiwe, huvutwa na vinyweleo kama vile mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi. Ikiwa kimiminiko hicho ni maji matupu, hugeuka mvuke na kwenda zake. Ikiwa kimebeba rangi ya chai, mafuta ya nazi, au kutu ya msumari, maji huondoka na mzigo hubaki. Mzigo huo uliobaki ndani ya vinyweleo ndio unaoitwa doa. Kwa maana hiyo doa halikai juu ya jiwe bali limo ndani yake, na ndiyo sababu kusugua uso wa jiwe hakufui dafu.

Mawe ya namna mbili

Kabla ya kutafuta dawa, ni lazima kwanza kulijua jiwe. Kwa mahitaji ya usafishaji, mawe mengi ya ujenzi yaweza kugawanywa katika makundi mawili.

Kundi la kwanza ni mawe ya chokaa, ambayo kwa lugha ya kemia yameumbwa hasa na kalsiamu kaboneti. Humo yamo matumbawe, marumaru, na pia lipu ya chokaa ya nyumba za kale. Lipu hiyo ni jiwe lililozunguka na kurudi lilikotoka. Matumbawe yakichomwa tanurini kwa joto la digrii 900 hivi za sentigredi, kila kilo 100 za jiwe safi hutoa kilo 44 za hewa ya ukaa, na hubaki kilo 56 za chokaa hai. Chokaa hiyo ikizimwa kwa maji, kisha ikapakwa ukutani, huivuta tena hewa ya ukaa kutoka angani na kuwa kalsiamu kaboneti kama ilivyokuwa mwanzo.

Kundi la pili ni mawe ya silika, kama itale, ambayo ndani yake mna punje za kwatzi, feldispa na ulanga. Mawe haya ni magumu. Katika kipimo cha ugumu chenye daraja 10, kwatzi ina daraja la 7 na feldispa la 6, hali kalsaiti, madini makuu ya marumaru, ina daraja la 3 tu. Kisu cha chuma hukwaruza marumaru kwa urahisi, wala hakikwaruzi kwatzi.

Njia ya kuyatambua makundi hayo ni rahisi. Tone moja la siki huwekwa mahali pasipoonekana, kwa mfano chini ya ukingo wa meza. Likitoa mapovu, jiwe ni la chokaa. Mapovu hayo ni hewa ya ukaa inayotoka jiwe likiliwa. Lisipotoa mapovu, yaelekea jiwe ni la silika, ingawa ziko marumaru zenye magnesi nyingi ambazo hutoa mapovu polepole mno. Tone hilo lifutwe mara moja na mahali pale paoshwe kwa maji.

Doa na kovu

Jaribio hilo la tone la siki linaeleza pia kosa la ndimu. Maji ya ndimu yana asidi ya sitriki, au tindikali kama wengine wanavyoiita. Asidi haichagui kati ya doa na jiwe la chokaa. Tuchukue mfano wa lita moja ya maji yenye gramu 50 za asidi hiyo. Kwa hesabu ya kemia, lita hiyo yaweza kula gramu 39 hivi za kalsiamu kaboneti. Ikitandazwa sawasawa juu ya mita moja ya mraba ya marumaru, itaondoa unene wa takriban sehemu 15 kwa 1000 za milimita. Unene huo waonekana si kitu, lakini mng'ao wa marumaru umo katika ngozi nyembamba kuliko hiyo. Anayerudia kazi hiyo kila Ijumaa kwa mwaka mzima, yaani mara 52, huondoa robo tatu ya milimita. Katika mihrabu iliyochongwa kwa nakshi nyembamba, robo tatu ya milimita ni alama ya patasi ya fundi aliyeishi karne nyingi zilizopita, na alama hiyo ikiondoka hairudi.

Kwa hiyo yafaa kupambanua doa na kovu. Doa ni kitu kilichoongezwa katika jiwe. Kwa kawaida huonekana jeusi au lenye rangi kuliko jiwe lenyewe, na huweza kutolewa. Kovu ni jiwe lililopungua. Duara jeupe lililofifia, linaloachwa na bilauri ya maji ya machungwa juu ya marumaru nyeusi, si doa bali ni kovu la asidi. Hakuna dawa ya kulifuta. Lililobaki ni kuusaga uso wa jiwe na kuung'arisha upya, maana yake kulipunguza jiwe zaidi hadi lilingane na jeraha. Wengi hupoteza siku nyingi wakipaka dawa za madoa juu ya makovu, na kila dawa huongeza kovu jingine.

Bandiko la udongo

Ikiwa doa limo ndani ya vinyweleo, sharti lipatikane jambo litakalolivuta nje. Jambo hilo ni udongo. Kwa kuwa vinyweleo vya udongo laini ni vyembamba kuliko vya jiwe, udongo unapokauka una nguvu zaidi ya kuvuta kimiminiko. Maji au dawa iliyochanganywa na udongo huingia kwanza katika jiwe na kulimumunya doa. Kisha uso wa udongo unapoanza kukauka, kimiminiko hurudi nyuma kuelekea nje, kikilibeba doa, na kuliacha ndani ya udongo. Kwa njia hii jiwe halisuguliwi wala halikwaruzwi.

Mfano unaojulikana sana ni wa Taj Mahal huko Agra, India, kaburi la marumaru nyeupe ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1632. Marumaru yake iligeuka rangi kuwa ya kimanjano na hudhurungi kwa sababu ya vumbi na chembe za moshi zilizotua juu yake. Tangu miaka ya 1990, wataalamu wa Idara ya Mambo ya Kale ya India wamekuwa wakiipaka kuta hizo udongo laini, ule ambao wanawake wa huko hujipaka usoni kutakasa ngozi. Udongo huachwa hadi ukauke, kisha hupanguswa na ukuta huoshwa kwa maji safi yaliyokenekwa. Anayejua jinsi bibi harusi wa mwambao anavyosingwa kabla ya harusi hatakuwa na taabu ya kuielewa kazi hiyo.

Hapa nchini Tanzania malighafi haiko mbali. Vilima vya Pugu, karibu na Dar es Salaam, vina udongo mweupe wa kaolini, ambao ni miongoni mwa udongo unaofaa sana kwa mabandiko. Sharti ni kwamba udongo uwe mweupe na usiwe na chuma, kwani udongo mwekundu utaacha rangi yake mahali pa doa.

Utaratibu wake ni huu. Kwanza jiwe hufutwa vumbi na kuloweshwa kidogo kwa maji safi. Udongo hukandwa pamoja na maji au dawa inayofaa hadi uwe mzito kama uji wa ulezi uliopoa. Hupakwa juu ya doa kwa unene wa sentimita moja hivi, ukipita mpaka wa doa kwa sentimita mbili au tatu pande zote. Hufunikwa kwa karatasi ya nailoni na kuachwa kwa saa 24 hadi 48, ili dawa ipate nafasi ya kuingia. Halafu nailoni huondolewa na udongo huachwa ukauke kabisa. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayovuta doa. Asiyekuwa na subira akauondoa udongo ungali mbichi huwa amefanya nusu ya kazi. Udongo mkavu hubanduliwa kwa kijiti, na mahali pale huoshwa. Doa la siku nyingi huweza kuhitaji mabandiko matatu au manne.

Kila doa na dawa yake

Dawa ya kuchanganya na udongo hutegemea asili ya doa. Madoa ya chai, kahawa, matunda na majani yaliyooza yana rangi za mimea. Rangi hizo huvunjwa na haidrojeni peroksaidi, dawa inayouzwa katika maduka ya dawa, ambayo mwishowe hugeuka kuwa maji na oksijeni bila kuacha chumvi ndani ya jiwe. Hata hivyo huweza kufifisha mawe yenye rangi nzito, kwa hiyo ijaribiwe kwanza mahali pa siri. Dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe haifai, kwa kuwa huacha chumvi ndani ya vinyweleo. Tena isichanganywe kamwe na siki, ndimu au amonia, kwani mchanganyiko huo hutoa hewa zenye sumu zinazoweza kumwua mtu katika chumba kisicho na madirisha.

Mafuta ya kupikia na grisi huhitaji kimiminiko kinachomumunya mafuta, kama asetoni. Kimiminiko hicho hushika moto upesi. Kazi ifanywe mahali penye hewa, mbali na jiko na sigara, kwa mikono iliyovaa glavu. Doa la mafuta lililo bichi halihitaji hata hayo. Unga wa ulanga laini, ule wa kupaka watoto, ukimwagwa juu yake mara moja na kuachwa usiku kucha, hunyonya sehemu kubwa.

Kutu ni ngumu zaidi. Chuma kilichoshika kutu huacha madini yasiyomumunyuka katika maji, na asidi zinazokiyeyusha hulila pia jiwe la chokaa. Kemia imepata njia ya katikati. Chumvi ya asidi ya sitriki, iitwayo sodiamu sitreti, haina ukali wa ndimu, lakini molekuli zake hukishika chuma pande zote na kukitoa ndani ya jiwe. Kemikali zenye tabia ya kushika namna hiyo hupewa jina lililotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya gando la kaa, na mvuvi yeyote aliyewahi kubanwa na kaa ataona kwamba jina hilo limestahili. Sodiamu sitreti huchanganywa na maji na gliserini, kisha hukandwa na udongo. Lakini bandiko litakuwa kazi bure ikiwa msumari au chuma kinachotoa kutu kingali ukutani.

Kwa sababu hiyohiyo brashi za nyaya za chuma zisitumike. Kila wayamba unaokatika na kubaki katika kinyweleo ni mbegu ya doa la kutu la msimu ujao. Na kupiga ukuta kwa mchanga wa kasi huondoa doa kwa kuondoa ngozi ya jiwe, na jiwe lisilo na ngozi hunywa uchafu upesi kuliko lilivyokuwa.

Weusi unaofunika kuta za chokaa katika nchi za joto kwa kawaida si masizi, bali ni viumbe hai: bakteria wa jamii ya mwani, kuvu na ukoga. Wao hukaa pale penye unyevu. Ukuta uliokwisha kukauka vema husafishwa kwa maji na brashi ya nyuzi za mimea. Mizizi ya miti iliyoota ukutani isinyofolewe kwa nguvu, kwani hung'oa mawe. Shina hukatwa, mzizi ukafa na kukauka, ndipo ukatolewa kidogo kidogo.

Chumvi, adui wa pwani

Liko doa moja la pwani ambalo hudharauliwa kwa sababu ni jeupe. Ni ile sufi ya chumvi inayochanua juu ya ukuta baada ya mvua. Chumvi hiyo hutoka katika upepo wa bahari, maji yanayopanda kutoka ardhini, au mchanga wa ufukweni uliotumika bila kuoshwa.

Chumvi ya kawaida ina tabia ya ajabu. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75 hivi, huvuta maji hewani na kumumunyuka yenyewe. Ukipungua chini ya hapo, hukauka na kuwa fuwele. Unyevu wa hewa ya mwambao hupanda usiku na kushuka mchana, mara nyingi ukivuka mpaka huo. Kwa hiyo fuwele ndani ya vinyweleo huzaliwa na kufa karibu kila siku, na kila zinapokua husukuma kuta za vinyweleo hadi uso wa jiwe ukawa unga. Anayeimwagia maji sufi hiyo huirudisha chumvi ndani. Yafaa ipanguswe ikiwa kavu kwa brashi laini, ikusanywe na kutupwa mbali na ukuta. Kisha bandiko la udongo na maji safi matupu hufuata, hata mara kadhaa.

Kosa kubwa zaidi ni kuificha. Mara nyingi ukuta wenye unyevu hupigwa lipu ya saruji ili upendeze. Saruji imebanana kuliko chokaa na matumbawe. Maji yaliyokuwa yakitoka kwa amani kupitia lipu ya chokaa sasa huzuiliwa, hupanda juu zaidi, na kuyaozesha maboriti ya mikoko yaliyobeba dari. Lipu huonekana safi kwa miaka michache, hali nyuma yake jiwe linageuka mchanga.

Doa ni habari

Hapa ndipo penye kiini cha suala lote. Doa juu ya meza ni ajali. Doa juu ya ukuta, mara nyingi, ni taarifa: mfereji wa paa umeziba, bomba linavuja, ardhi ya nje imeinuka kuliko sakafu ya ndani, au chuma kinaoza mahali pasipoonekana. Kulifuta doa bila kuisoma taarifa hiyo ni kama kumpa mgonjwa dawa ya kushusha homa na kumwacha na malaria yake.

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883 katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, iliporomoka likiwa katika matengenezo, na watu wawili walipoteza maisha. Sababu za kuporomoka kwa jengo kubwa huwa ni nyingi, wala hazipimwi kwa doa moja. Hata hivyo tukio hilo lilimkumbusha kila mtu kwamba majengo ya mawe, ambayo huonekana kama yatadumu milele, yanategemea uangalizi wa siku kwa siku. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika nyumba za matumbawe, doa la maji mara nyingi hutangulia ufa.

Uangalizi huo hauhitaji maabara. Mtunza msikiti, mlinzi wa magofu au mwenye nyumba aweza kuchora kwa penseli laini mpaka wa doa juu ya lipu ya kawaida, si juu ya nakshi, na kuandika tarehe katika daftari. Doa likipanuka wakati wa masika na kunywea wakati wa kiangazi, maji yanatoka kwenye mvua. Likipanuka bila kujali majira, bomba litazamwe. Kipande cha nailoni kikibandikwa ukutani pembe zote kwa siku mbili, huonyesha zaidi: unyevu ukijikusanya upande wa ndani wa nailoni, maji yanatoka ukutani, ukijikusanya upande wa nje, yanatoka hewani.

Kisha, chanzo kikiisha kuzibwa na ukuta kukauka, ndipo zamu ya kusafisha inapofika, tena kwa kuanza na dawa iliyo pole kuliko zote: brashi laini, maji safi, sabuni isiyo kali, halafu udongo. Kila hatua ijaribiwe mahali padogo na ingojewe ikauke kabla ya kuamuliwa. Pengine doa litabaki kwa mbali. Kivuli cha doa juu ya jiwe zima ni hasara ndogo kuliko jiwe jeupe lililopoteza uso wake. Na ndimu irudi jikoni, kwenye samaki.